Shemeji Aenda Hispania

Shemeji yangu wa Mwadui ameshapanga: Aprili ni Sevilla, Córdoba, kisha Granada. Daftari limejaa: treni saa ngapi, michungwa inachanua mtaa gani. Hongera, shemeji. Ila hiyo Feria de Abril ya Sevilla inayokukosesha usingizi ilianza mwaka 1847 kama mnada wa mifugo. Mnada! Na huu wa kwetu Kishapu huendi, eti vumbi linakuharibia viatu.

Alhambra, lile kasri la Granada, nako wanataka ukate tiketi mapema, yenye jina lako. Hapo hutapata shida. Umekulia pembeni ya uzio wa mgodi wa almasi, kuulizwa kitambulisho getini ulishazoea.

Kazi ipo kwenye viza: bima ya safari, barua ya mwajiri, taarifa ya benki. Wengine hawakusumbuliwa hivyo. Ile almasi ya pinki ya karati 54.5 iliyochimbwa hapo hapo Mwadui, mwenye mgodi Dk. John Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947, ikaingia Uingereza bila kuulizwa salio. Wewe si almasi, shemeji. Peleka karatasi zote.