Mbwa Mmoja, Madaktari Mtaa Mzima

Mbwa akiugua Dar es Salaam, kikao hukaa kabla daktari hajapigiwa simu. Anakuja fundi gari, anakuja mama lishe wa kona, anakuja kijana wa bodaboda ambaye shemeji yake aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la ng'ombe. Kila mmoja ana dawa. Ukizichunguza dawa hizo utaona zinatoka sehemu tatu tu: duka la dawa za watu, duka la dawa za ng'ombe na gereji. Daktari wa mifugo hatajwi, na akitajwa, mtu huuliza bei yake kisha hucheka.

Mzee mmoja mstaafu wa Kimara ana mbwa anayeitwa Mtachoka. Jina hilo lilitolewa wakati wa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, likakusudiwa upande wa pili wa ukuta, na hadi leo mzee akitoka jioni kumwita mbwa wake aje ale, sauti ya jirani hujibu kutoka ng'ambo: "Utachoka wewe!" Kwenye geti kuna kibao chenye maandishi mekundu, "Mbwa mkali". Ukali wenyewe haujathibitishwa. Radi zikianza kupiga, Mtachoka huingia uvunguni mwa gari na hatoki mpaka kukuche.

Matatizo yake yalianza na kupe. Walijaa masikioni na katikati ya vidole vya miguu, wengine wadogo wa kahawia, wengine wamevimba kwa damu hadi kufanana na punje za mbarika. Fundi gari ndiye aliyewahi kutoa ushauri: oili chafu. Chukua ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, mpake mgongoni, kupe watakosa hewa wafe. Ushauri huu ni wa siku nyingi na una wafuasi wake, hasa mbwa anapokuwa na ukurutu. Kasoro yake ni kwamba oili iliyokwisha kutumika ina mabaki ya vyuma na kemikali zinazounguza ngozi, na mbwa hana taulo. Hujisafisha kwa ulimi. Mtachoka alipakwa asubuhi. Kufika mchana alikwisha kujifuta kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi yake, kwenye mlango wa choo cha nje, na kwenye shuka nyeupe alizoanika mama mwenye nyumba. Jioni alitapika. Kupe walikuwa palepale, ila sasa wanateleza.

Zamu ya pili ilikuwa ya kijana wa bodaboda, mtaalamu wa ng'ombe kwa njia ya shemeji. Alileta chupa ya dawa ya josho. Sasa, dawa ya josho si uchawi wala si uongo. Nyingi zina amitrazi, na amitrazi inaua kupe kweli, hata madaktari huitumia kwa mbwa. Tatizo ni kipimo. Maelezo ya kwenye chupa yameandikwa kwa ajili ya mnyama wa kilo 250, na mchanganyaji alikuwa mtu wa imani: kifuniko kimoja kwa ajili ya kupe, kimoja kwa ajili ya mayai yao, na kimoja cha kuongeza uhakika. Ndoo ikanukia barabara nzima. Mtachoka, ambaye huogopa maji kuliko mwizi, alishikwa na watu wanne na kuogeshwa wote watano. Baada ya saa moja alianza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, akalala, akaitwa jina lake asiitike. Hata jirani wa mpaka alinyamaza siku hiyo. Mbwa aliyezidishiwa amitrazi husinzia, mapigo ya moyo hupungua, mwili hupoa. Mzee alimwosha tena kwa sabuni na maji mengi, akampigia simu daktari, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanataaluma kuhusishwa.

Daktari alikuja, binti mdogo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alisalimia shikamoo kwa kila mtu aliyekuwepo kikaoni, kisha akauliza joto la mgonjwa. Kikao kilijibu kwa sauti moja kwamba pua ni kavu, kwa hiyo ana homa. Binti akaeleza kwa upole kwamba pua ya mbwa hukauka akilala juani, akiamka usingizini, au bila sababu yoyote, na kwamba joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, yaani mbwa mzima akiguswa huhisiwa ana homa kila siku ya maisha yake. Kipimo kimoja tu ndicho cha kuaminika, na akakitoa kwenye mkoba. Akaeleza kinapowekwa. Akaomba mtu mmoja amshike mkia.

Fundi gari akakumbuka kuna mteja anamsubiri. Mama lishe akakumbuka maharage jikoni. Kijana wa bodaboda alisikika akiwasha pikipiki.

Maelezo aliyoyatoa binti yule kuhusu kupe yanafaa kuandikwa ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi kwenye mbwa muda wote. Hupanda, hunyonya, hushuka, hujificha, hubadilika umbo, kisha hupanda tena. Hufanya hivyo mara tatu katika maisha yake. Jike likishashiba hushuka na kutaga mayai elfu kadhaa kwenye nyufa za ukuta, chini ya zulia, kwenye mbao za banda. Kwa hiyo anayemwogesha mbwa na kumrudisha kwenye banda lilelile anawapa kupe usafiri msafi. Banda lioshwe na lipuliziwe dawa, nyufa zizibwe, na mbwa apewe kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na kupimwa kwa uzito wake. Anayeng'oa kupe kwa mkono asitumie kiberiti wala mafuta ya taa. Kibano kishikwe karibu kabisa na ngozi, avute taratibu bila kuzungusha. Kupe hawa ndio waletao maradhi ya babesia na erlikia, ambayo humfanya mbwa akonde, fizi ziwe nyeupe, na wakati mwingine atoke damu puani. Mtaani damu ya puani huambiwa ni jicho la mtu.

Jirani wa mpaka naye ana hadithi yake. Alinunua barabarani mtoto wa jamani shepadi, akamwingiza ndani kwa bajaji huku amemfunika kanga, na kabla ya wiki mbili mtoto yule akaharisha damu na kufa. Hukumu ilitolewa papo hapo: amelishwa sumu, na sumu imerushwa kutoka kwa mwenye Mtachoka. Mjumbe akaitwa. Hakuna aliyefikiria pavo, kirusi kilichojitokeza duniani mwaka 1978 na ambacho kinaweza kukaa kwenye udongo wa uani mwaka mzima kikisubiri mtoto mwingine. Chanjo yake huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16. Muuzaji wa barabarani alimwambia mnunuzi kuwa mtoto amechanjwa "zote". Kadi hakutoa, na mnunuzi hakuiomba, maana akili yote ilikuwa kwenye masikio kama yatasimama.

Turudi kwa Mtachoka, ambaye alipona kupe akaanza kuchechemea. Safari hii mzee aliona aibu kuita kikao, akaenda mwenyewe duka la dawa kununua diklofenaki.

"Mgonjwa ana umri gani?" muuzaji aliuliza.

"Miaka minne."

"Uzito?"

"Kilo ishirini na mbili."

"Eeh, mkubwa huyo mtoto! Anasoma wapi?"

"Analinda."

Muuzaji yule, kwa bahati, alikuwa na busara, akarudisha vidonge kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni humpa mbwa vidonda vya tumbo, humtoa damu na huweza kuua figo zake kwa kiasi ambacho mtu mzima angemeza na kuendelea na kazi. Parasetamo huharibu ini lake. Mbwa ana dawa zake za maumivu, na katika kesi hii hazikuhitajika: kulikuwa na kipande cha chupa kwenye unyayo. Kupata ukweli huo kulihitaji kumwinua mguu na kuutazama, hatua ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameifikiria.

Antibayotiki ya kidonda ndiyo iliyoleta kazi. Binti daktari alishauri kidonge kifichwe ndani ya kipande cha ini. Mzee akanunua ini la ng'ombe, akalipasua, akaweka kidonge, akalifunga vizuri. Mtachoka alilipokea kwa adabu, akaenda nalo pembeni, akatafuna kwa utulivu akimtazama mzee usoni. Bakulini kilibaki kidonge kimoja, kimelambwa, kinameremeta. Ujanja unaofaulu, na mama mwenye nyumba ndiye aliyeugundua, ni wa vipande vitatu: cha kwanza kitupu, cha pili chenye dawa, cha tatu kitupu kionyeshwe kabla cha pili hakijamezwa. Tamaa humaliza kazi.

Chakula cha kila siku nacho kina kesi zake. Katika nyumba nyingi mbwa hula ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa na pumba, na wengi huishi vizuri tu. Mbwa koko hajawahi kusoma karatasi ya lishe. Hatari iko kwenye ule utaratibu wa kwamba unga ukiota ukungu hapewi mtu, hupewa mbwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na ini la mbwa haliivumilii. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafariki. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha mifuko cha dukani kilichokuwa na sumu hiyohiyo. Unga mbovu ufukiwe. Vitunguu navyo vitolewe kwenye makombo ya pilau, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa isipewe kabisa, maana huvunjika vipande vyenye ncha.

Mifupa ndiyo iliyoleta kikao cha mwisho. Ilikuwa Jumatatu baada ya arusi ya mtaani, na Mtachoka alikutwa amekaa mdomo wazi, taya halifungi, mate yanachuruzika mpaka kifuani. Wataalamu walirudi wote. Utambuzi haukuchukua dakika: amekabwa na mfupa. Fundi gari alikunja mikono ya shati, akashika plaizi, akaomba mtu amshikilie kichwa. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye meno ya mbele binti daktari alipoingia getini na kuuliza, bila hata salamu, "Kadi ya chanjo iko wapi?"

Mkono ulitoka haraka. Kichaa cha mbwa, alieleza, hakiji lazima kwa mbwa anayekimbia akiuma watu. Kipo kile cha kimya, ambacho mbwa hulegea taya, hushindwa kumeza, hudondosha mate, na kila anayemwona huapa kuwa ana mfupa kooni. Kirusi kimo ndani ya mate hayohayo, na mchubuko mdogo wa kidole unakitosha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wote kwa kung'atwa na mbwa.

Kadi ilitafutwa kwenye kabati, chini ya godoro, ndani ya faili la hati ya kiwanja. Kila mtu alikuwa ameweka mikono mifukoni. Ilipatikana kwenye bati la biskuti pamoja na risiti za maji: Jina, Mtachoka. Jinsia, dume. Rangi, kahawia. Chanjo ilikuwa ya miezi saba iliyopita, iliyotolewa siku mzee alipolazimishwa na mkewe kwenda ofisi ya kata. Hata hivyo binti alivaa glavu, akamchoma mbwa sindano ya usingizi, akamulika kwa tochi. Mfupa wa mbuzi ulikuwa umejibana kwenye paa la mdomo, kati ya magego ya kulia na ya kushoto. Aliutoa kwa koleo lake mwenyewe. Fundi gari aliomba apewe autazame, kisha akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu sana.

Alinawa vizuri, na hilo ni la kujifunza kwake. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na anaonekana mzima. Asipake oili, asipake mafuta ya taa, asisubiri kikao.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki mwanasayansi Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa. Kipindi hicho halmashauri nyingi huendesha uchanjaji. Ulizia ofisi ya kata au kwa bwana mifugo wako. Eneo likichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Mpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba, dai kadi, soma tarehe ya kurudia, na uiweke mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anapajua.