Chuo Gani, Maître?

Kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, anayetaka kuwa wakili ana vyuo vikuu viwili vinavyogombaniwa nyumbani: UNIGOM cha serikali na ULPGL cha Waprotestanti. Mjomba anakipigia debe cha serikali, eti minervali, yaani ada, ni nafuu. Shangazi anang'ang'ania cha kanisa, mtoto asome sheria pamoja na amri kumi. Ubishi unapamba moto, sombe inapoa mezani.

Haya, bisheni. Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafungwa, kokote atakakosoma atakariri Katiba ya nchi ya 2006 kifungu kwa kifungu, kisha atoke barabarani akaonyeshe kitambulisho kwa mwenye bunduki. Huyo hakuna aliyemuuliza amesoma chuo gani, na kesi anakata palepale. Rufaa? Jaribu.