Filter ya Nani Hii? Mwongozo wa Kuita Majina kwa Adabu

Msimbo wa kifunksheni hujengwa kwa vitenzi vichache vinavyojirudia: `map`, `filter`, `foldr`. Utamu wake uko hapo, na balaa lake liko hapo hapo. Katika Haskell, `Data.Map` ina `filter` yake, `Data.Set` yake, `Data.Text` yake, na Prelude, inayoingia kila faili bila kupiga hodi, nayo ina ya kwake. Ukiita "Juma!" sokoni watageuka wanne. Ndiyo maana watu husema Juma fundi, Juma wa Mama Asha. Nawe fanya hivyo.

1. Usiache mlango wazi. `import Data.Map` tupu humwaga majina zaidi ya mia ndani ya faili lako. Ukiandika `filter (>= 18) umri`, kompaila itagoma: haijui unamwita nani. Andika hivi:

```
import qualified Data.Map.Strict as Map
import Data.Map.Strict (Map)
```

Sasa `Map.filter (>= 18) umri` inajieleza yenyewe. Mstari wa pili unakuepusha na kigugumizi cha `Map.Map String Int`.

2. Lakabu, yaani jina linalofuata `as`, iwe moja mradi mzima. `M` ni Map, Maybe au Monoid? Ukiandika `M` huku na `Map` kule, msomaji atahitaji kamusi ya kila faili. Kubalianeni mapema, kisha kila mtu afuate.

3. Alama zitaje waziwazi. `umri Map.!? "Asha"` inakwaza jicho. Ongeza `(!?)` kwenye orodha ya mstari wa pili, uandike `umri !? "Asha"`, upumue.

4. Ukihitaji majina mawili, chukua mawili. `import Data.Char (isDigit, toUpper)` inatosha kabisa. Atakayekutana na `isDigit` katikati ya faili atapandisha macho juu na kuikuta.

5. Fikiria kesho. GHC 9.10, toleo la kompaila ya Haskell, ilipotoka mwaka 2024, Prelude ilianza kuja na `foldl'`. Faili lililoimwaga `Data.Map` yote na kuita `foldl'` bila lakabu liligoma kukusanywa, ingawa hakuna aliyeligusa. Lililoandika `Map.foldl'` halikuhisi kitu. Maktaba hukua, na kila jina jipya hutafuta pa kuingilia.

6. Usipitilize. `map` ya orodha ya kawaida haihitaji lakabu. Kila mtu anaijua. Lakabu ni ya kuondoa shaka, na pasipo shaka inaongeza kelele tu.

Ukimaliza, jipime. Chagua funksheni yoyote katikati ya faili, mwonyeshe mwenzako, umwulize kila jina limetoka wapi bila kufungua faili jingine. Akijibu, mpe hongera nawe ujipe. Akiguna, rudi kwenye kanuni ya kwanza, kwa sababu huyo anayeguna leo ndiye atakayerekebisha msimbo wako ukiwa likizo.