Mwanakaya Asiyekula

Nyumbani kwetu Tabata kuna mwanakaya mmoja asiyekula, asiyeosha vyombo wala kutumwa dukani, na ndiye anayepanga tule nini. Makazi yake ni juu ya friji. Amevikwa mfuko wa nailoni, mabaki ya enzi za kabla ya marufuku ya Juni 2019, ili mafuta ya samaki yasimrukie. Ni kishikwambi, neno ambalo wengi wetu tulilizoea mwaka 2022, makarani wa sensa walipotubishia hodi wakiwa navyo mikononi. Ndani yake nimepakua programu ya kupanga milo ya familia na kuandika mahitaji ya sokoni. Majirani wanakicheka, shemeji zangu wanakicheka, na mama watoto hunyamaza kwa namna inayozidi kicheko. Mimi naona kinadhulumiwa. Leo nakisifu.

Msifiwa huanziwa ukoo wake. Babu wa kishikwambi changu alizaliwa Marekani mwaka 1969: kompyuta ya jikoni iliyotengenezwa na Honeywell na kutangazwa katika katalogi ya duka la Neiman Marcus kwa zaidi ya dola 10,000. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 45 na ubao wa kukatia mboga humo humo, na mwenye jiko alitakiwa kwanza asomeshwe wiki mbili namna ya kuzungumza nayo kwa swichi na vitaa. Hajulikani hata mtu mmoja aliyeinunua. Ukoo wa namna hiyo hauna majivuno. Hata chetu, wiki ya pili tu, kilikatiwa kitunguu mgongoni na hakikulalamika.

Tazama kwanza kilivyotuletea demokrasia. Zamani swali la “leo mboga gani?” aliulizwa mtu mmoja, saa nne asubuhi, naye alilijibu huku akijifunga kanga atoke. Siku hizi linajadiliwa na watu sita kila Jumapili jioni, mbele ya visanduku 21, yaani asubuhi, mchana na usiku mara siku saba, kwa muda wa saa moja na nusu. Kikao hufungwa bila mwafaka kuhusu Alhamisi. Niseme pia kwamba kimetufundisha Kiswahili chetu upya. Kwetu nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Chenyewe, ukishakijazia wali na nyama, hukuuliza kwa adabu kama siku hiyo hamtakula mboga yoyote.

Kuhusu vipimo hakina mzaha. Kinajua gramu, kinajua kikombe, kinajua aunsi. Fungu hakilijui. Sado hakiijui, mafuta ya kupima hakiyajui, na mbasela kwake ni kosa la hesabu. Siku moja niliandika “nyanya mafungu 2”, nacho kikafuta neno kisilolielewa kikabakiza namba. Kijana wetu, mtiifu kwa maandishi, akaenda gengeni akarudi na nyanya mbili. Mama wa genge alikuwa amemuuliza nyumbani nani mgonjwa.

Kisha kinauliza: mtakula watu wangapi? Ni swali zuri, ila nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuthubutu kulijibu. Nikaandika sita. Jumanne hiyo wifi yake mama watoto alipita akitokea Morogoro na watoto wawili, fundi bomba alikuwa hajamaliza kazi, na rafiki wa kijana wetu alikuwa amekuja “kuchukua daftari” tangu saa sita. Tulipoanza kunawa tulikuwa kumi na mmoja. Kishikwambi kilishikilia sita yake kama hakimu. Mama watoto aliongeza maji kwenye mchuzi, kitendo ambacho nimekitafutia kitufe katika programu nzima nisikione.

Uthabiti huo huo kilituonyesha mwishoni mwa Ramadhani. Nilitaka kuandika pilau ya Idi, Jumatano au Alhamisi, mwezi ukiandama. Kikakataa “au”. Nikachagua Jumatano. Mwezi haukuonekana, na Jumatano alasiri, midomo imetukauka, kikalia jikoni kwa mlio wa furaha kutukumbusha kwamba muda wa kupakua pilau umefika.

Lakini sifa yake kubwa ni lawama. Hapo ndipo nawaomba wanaokicheka wanisikilize.

Nyumba yoyote yenye jiko ina kesi. Chumvi imekwisha saa mbili usiku, Mangi ameshafunga duka: nani alijua akanyamaza? Zamani kesi hiyo lazima impate mtu. Ilianza kwenye chumvi, ikapitia mkaa, ikafika kwenye harusi ya binamu ambayo mtu fulani alichangia bila kushauriana. Sasa hivi mmoja anasema, “Niliandika, hakikushika,” na kesi imekwisha. Mtuhumiwa yuko juu ya friji, hajibu.

Kipimo halisi kilikuja na vitunguu. Nilitoka kazini nikafungua orodha kwenye simu, nikakuta “vitunguu kilo 4” havijapigwa tiki. Nikapita Buguruni nikanunua. Mama watoto alikuwa ameshavinunua mchana na tiki ameipiga, ila bando lilimwishia pale pale sokoni, na tiki haikunifikia. Tukakutana mlangoni kila mmoja na kilo nne. Katika ndoa ya miaka 19, nawaambia, kilo nane za vitunguu zingeweza kutupeleka kwa wazee. Tulitazamana, tukatazama juu ya friji, tukacheka mpaka tukakaa chini. Wiki mbili tulikula kachumbari kwa kila kitu, pamoja na chai ya jioni.

Wanaosema kishikwambi hakina faida waniambie ni ndugu gani mwingine angebeba mzigo huo bila kununa.

Kuna jambo moja tu sikulielewa kwa miezi. Kila Jumapili nikikagua wiki iliyopita nakuta mpango umetimia wote, siku kwa siku. Nilijivuna hata kazini. Kisha Alhamisi moja umeme ukakatika saa moja jioni. Nikaingia jikoni nikamkuta mama watoto ameketi kwenye kigoda na ungo mapajani, kishikwambi amekiegemeza kwenye sufuria kikiwaka mwanga wote, anachambua mchele. Kwenye kioo, kisanduku cha Alhamisi usiku kilisomeka “tambi”.

“Hiki kifaa chako kina mwanga mzuri,” akaniambia bila kuinua macho. “Chuya zote naziona.”

Alipomaliza alijifuta kidole kwenye kanga, akaigusa ile “tambi”, akaifuta, akaandika “wali maharage”. Kisha akashuka hadi Ijumaa, ambako tulikuwa tumeafikiana kuku, akafikiri kidogo, akapaacha.

“Kesho nitajua nikifika gengeni,” akasema.