Rubani wa Benchi

Uwanja wa Wilson, Nairobi, una wanafunzi wa urubani wa aina mbili: wanaopaa na waliolipa. Hawa wa pili walimaliza karo yote hata kabla ya kugusa usukani. Leo ndege iko karakana, kesho mwalimu kapata kazi kwenye shirika la ndege, keshokutwa mawingu. Zile saa 40 za leseni ya kwanza hazisogei, ila cheti cha daktari kinaisha muda mtu akiwa bado benchi.

Akidai chake, anaoneshwa maandishi ya kisisimizi: karo hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kufidiwa hasara, lakini tusiwaonee wenye chuo. Kusubiri ruhusa ya kuruka ni sehemu ya urubani, na somo hilo wamelifundisha hadi likaiva.