Vipande Vitatu

Ugomvi wetu wa Jumapili iliyopita ulianzia kwenye sanduku lisilokuwepo. Lipo ndani ya mchezo wa Minecraft, kwenye nyumba ya mawe waliyoijenga wanangu, na humo vilibaki vipande vitatu vya netheraiti.

Asiyecheza hajui uchungu wa hivyo vitatu. Tangu netheraiti iingizwe mchezoni mwaka 2020, utaratibu ni huu: unashuka Nether, ulimwengu wa moto, unachimba kifusi cha kale kwa sululu ya almasi, unakiyeyusha tanurini, unapata kipande kimoja. Vipande vinne na mikuo minne ya dhahabu ndiyo hutoa mkuo mmoja wa netheraiti. Vitatu havitoi hata kijiko.

Kifungua mimba alitaka tuvitunze. Mdogo wake alitaka kuvitundika ukutani viwe mapambo. Mama yao, aliyekuwa anapepeta mchele, akakata shauri: "Kisichotumika mwaka mzima kinagawiwa." Nikajua nasemwa mimi na ndoo yangu ya nati kule stoo. Kwa hasira nikachukua simu: nakwenda kutafuta cha nne!

Nikavibeba na vile vitatu, ingawa watoto walinisihi niviache nyumbani. Nikachimba handaki mpaka macho yakawasha. Kwenye begi nikaona kitanda. Nikawaza, mtu kachoka, alale. Hakuna aliyeniambia kwamba kitanda hakilaliki Nether. Kinalipuka, na wanangu walikipakia makusudi kwa ajili ya kupasulia miamba.

Kishindo kile! Ungo ukamponyoka mama yao, mchele ukasambaa hadi chini ya kochi.

"Baba, umekufa," kitinda mimba akanijulisha, kana kwamba sikuona.

Mlipuko ulikuwa umetoboa ukuta wa handaki, lava ikabubujika, sululu yangu ya almasi ikateketea. Na kitu kilichoanguka, kisipookotwa, hutoweka baada ya dakika 5. Kifungua mimba akakwapua tableti yake akatimua mbio kuelekea Nether. Mama yao, aliyekuwa amepiga magoti anaokota mchele, akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Mbili zimekwisha," akasema. Kisha, "Tatu hizo." Sijui alianza kuhesabu lini.

"Vinaelea!"

Kweli. Netheraiti haiungui, vipande vyetu vilikuwa vinaelea ukingoni mwa lava kama maandazi kwenye karai. Kifungua mimba akavizoa vyote. Halafu akanyamaza, akasogeza tableti karibu na uso. Kifusi cha kale hakivunjwi na mlipuko, na mahali nilipofia mwamba ulikuwa umepukutika, ukaacha wazi vifusi viwili.

Tukavichimba, tukaviyeyusha. Sasa tukawa na vitano. Vinne vikaingia kwenye mkuo, watoto wakashangilia.

Kile kimoja nikakirudisha sandukuni, nikafunga haraka kabla mama yao hajafungua mdomo.