Namna ya Kuwasha Mashine za Kalengera Bila Kutoka Goma

Kwanza kabisa, usiende. Fundi wa kompyuta anayepanda pikipiki hadi Kalengera ni fundi kama mafundi wengine. Anayebaki Himbi, hapa Goma, na kuagiza kwa simu ni mtaalamu, na bei yake ni nyingine. Mkataba umeandikwa "kazi ya mbali", basi iwe ya mbali. Huko, kwenye barabara ya Rutshuru ukishapita Rumangabo, shule imepanga kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, kila moja ikiwa bado na mafaili ya mwenyewe wa zamani na picha ya mbwa wake. Zote zinatakiwa zifutwe, zipokee mfumo mpya kupitia waya wa mtandao, bila fleshi, bila CD, bila wewe.

Mbinu yenyewe si ngeni. Inaitwa PXE, na toleo ambalo mashine nyingi za mtumba zinalielewa Intel walilitoa 1999. Mashine ikiwashwa, kadi yake ya mtandao inauliza kwa sauti: nani atanipa anwani? Seva ya DHCP inaijibu kwa anwani, pamoja na jina la seva ya mafaili na jina la faili la kuanzia. Kadi inalichota faili hilo kwa TFTP, faili linashika usukani, na mengine yanafuata. Ikikwama, inaandika namba ya kosa kwenye skrini.

Namba hiyo ni adui yako. PXE-E61 maana yake waya haupitishi kitu. E51: nimeita, hakuna aliyeitika. E53: nimejibiwa, lakini sikutajiwa faili. E32: nimetajiwa, nimebisha hodi kwa seva, kimya. Kila namba inanyooshea kidole mahali pamoja, na mara nyingi mahali penyewe ni kwenye kazi yako. Ukishaisoma huwezi tena kulaumu kampuni ya simu, wala voltaji, wala volkano. Kwa hiyo hakikisha haisomwi.

Njia bora ni kumpigia Papa sentinele, mlinzi wa shule, ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Papa, skrini inasema nini?"

"Shefu, iko naandika mambo ya kizungu, kisha inapotea."

"Soma ile ya mwisho."

"Imeshapotea, Shefu."

Mwombe picha. Itakufikia baada ya robo saa: meza, kalenda ya parokia, kibodi, na katikati ya skrini duara jeupe la taa ya simu limekaa juu ya namba yenyewe. Mshukuru. Sasa una uhuru wa kuandika ripoti yoyote.

Wapo wabishi watakaotaka kujua. Hao waanze na waya, maana E61 haina siri: kile kijino cha plastiki kwenye plagi kimevunjika, plagi imelegea, na taa ya kwenye swichi haiwaki. Wewe mtaalamu usiulize habari za taa. Uliza toleo la bayosi. Swali la bayosi linampa Prefe, mkuu wa shule, imani.

E51 ina utamu zaidi. Kuna swichi za gharama ambazo mashine ikiwashwa hukaa kama sekunde 30 zikichunguza kama nyaya hazikuzunguka na kurudi zilikotoka. Wakati huo kadi inaita na kuita, haisikiki, na mara nyingi imeshakata tamaa mlango wa swichi unapofunguliwa. Mpangilio wa kuiambia swichi kwamba mlango huu una kompyuta tu, iache upelelezi, upo na ni mstari mmoja. Usiuguse. Pendekeza wanunue swichi nyingine, ya gharama zaidi.

E53 nayo, kwa mazingira yetu, huwa ni ruta ya Prefe. Aliinunua mjini ili ofisi yake ipate Wi-Fi, akachomeka waya kwenye tundu la kwanza aliloliona. Tangu hapo chumba kina wagawaji wawili wa anwani, na ruta ile ina haraka kuliko seva yako. Inagawa anwani kwa ukarimu mkubwa. Faili la kuanzia haijawahi kulisikia. Jawabu ni kuizima DHCP ya ruta. Lakini Prefe ndiye anayesaini malipo, kwa hiyo andika kwamba mtandao una "msongamano".

Kisha zipo mashine zinazopata faili na bado zinagoma. Za zamani zinatumia bayosi, za karibuni UEFI, na kila kabila lina faili lake. Kadi hujitambulisha ni ya upande gani inapoomba anwani, seva ikiwa imefundishwa kusikiliza. Usiifundishe. Toa faili moja kwa wote. Nusu ya chumba itawaka, nusu itakataa, na hakuna kitu kinachofanana na laana kama hicho.

Umeme hatuwezi kuuruka. Kituo cha Matebe, katika teritwari hiyo hiyo ya Rutshuru, kina megawati 13 na ushei tangu Desemba 2015, lakini kuwa jirani wa bwawa hakukukingi na nguzo iliyoanguka. Umeme ukikatika, kompyuta ya mtumba inategemea kibetri cha CR2032, bapa kama sarafu, ambacho kilikufa kabla ya kupanda meli. Umeme ukirudi, saa ya mashine imerudi miaka mingi nyuma, na agizo lako la kuanzia kwenye mtandao limefutika. Inawaka na mbwa wa Ulaya anakuangalia. Mtu wa kawaida angenunua vibetri vya pakiti nzima. Wewe tuma ishara ya kuamsha mashine kwa mbali: baiti 6 za mwanzo, halafu anwani ya kadi mara 16. Ni ishara nzuri sana, hasa kwa mashine isiyo na umeme.

Ukitaka umbali kamili, acha seva Goma. Kwanza wito wa kadi hauvuki ruta hadi uweke mpokezi wa kuusafirisha. Pili, TFTP ni itifaki ya 1981: inapeleka baiti 512, inasimama, inasubiri ahsante, ndipo inapeleka nyingine. Mfumo wa MB 500 ni safari karibu milioni moja za kwenda na kurudi. Kwa setilaiti ya kilomita 36,000 angani, ambako kila safari hula sekunde 0.6 hivi, hiyo ni karibu wiki nzima, kama umeme haujakatika siku ya sita. Kwa Starlink, ambayo ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo, iliikataza Machi 2024 na kuipa leseni Mei 2025, ukipata milisekunde 40 ni saa 11. Ndani ya chumba chenyewe, kwenye swichi, hazifiki dakika 20, na faili dogo tu likipitia TFTP na mengine yakaja kwa HTTP, ni chache zaidi.

Ndiyo maana wavivu hufunga laptopu moja ya zamani kwenye boksi, wameshaiwekea DHCP, mafaili ya aina zote mbili na mfumo mzima, wakampa motari. Kule inachomekwa, na wao wanaiamuru kutoka Goma kwa kifurushi cha dola moja, kwa kuwa amri ni maandishi tu. Ukianguka kwenye aibu hiyo, mwambie Papa achomeke waya kwenye swichi, si kwenye ruta ya Prefe. Atauliza swichi ni ipi. Mtumie picha yenye duara jekundu, na umwombe avute pazia na kuzima taa ya simu kabla hajakujibu kwa picha yake.